Kitufe cha kujibu: nimepima mitandao kwa jicho la anayeanza

Ukisoma rivyu za apu za mitandao utakuta watu wanaongelea kamera, vichujio, betri inavyoliwa, sijui akaunti za kulipia zina faida gani, lakini ile sehemu ambayo mgeni anaigusa siku ya kwanza kabisa, yaani kujibu alichoandika mwenzake, hakuna anayeipima. Mi naona hapo ndo penye kazi. Mtu anaingia, posti imemgusa, anaandika jibu, anatuma, halafu hajui limeenda wapi, nani kaliona, kama bosi wake naye analiona, kama yule aliyetajwa katikati kapata notifikesheni au la. Na wengi hawaulizi kwa sababu wanaona aibu, wanaamua kubaki wasomaji wa kimya kimya miaka na miaka, wakati walikuwa na ya maana ya kusema. Hiyo inaniuma kweli, maana apu ingeweza kumwambia mtu kwa mstari mmoja tu na haimwambii.

Kwa hiyo rivyu hii ni ya kitufe kimoja. Nimezipima apu kwa swali kubwa moja: kabla sijabonyeza kutuma, naweza kujua nani atasoma? Mengine yanafuata nyuma yake, kama vile mtu akija katikati ya mazungumzo ataelewa nani anamjibu nani, na ukitaka kutoka unatokaje.

Nianze na WhatsApp kwa sababu ndo rahisi na wengi tunaijua. Ndani ya grupu unajua nani anaona: waliomo. Ukitaka kuthibitisha unafungua orodha ya wanachama, na ujumbe wako mwenyewe ukiushikilia ukaenda kwenye taarifa zake unaona nani kapokea na nani kasoma. Kujibu kwa kunukuu kulikuja 2016, unasukuma ujumbe kulia na kile kipande cha ujumbe wa mwanzo kinakaa juu ya jibu lako, na mtu akikigusa anarudishwa pale palipoanzia. Hii kitu ni nzuri sana na inasikitisha jinsi watu wasivyoitumia. Grupu linaweza kuwa na watu hadi 1,024, mtu anauliza swali asubuhi, jioni mwingine anaandika "ndio" peke yake, hiyo ndio ya nini sasa? Kuna maswali sita juu yake. Kama unaanza na utakumbuka kitu kimoja tu kuhusu magrupu, kumbuka kunukuu unachojibu.

Alafu kuna ile ya kujibu kwa faragha, hii wengi hawajui kabisa kama ipo. Unashikilia ujumbe wa mtu ndani ya grupu, unafungua zile nukta tatu, unachagua kumjibu faragha, ule ujumbe wake unahamia kwenye chati yenu wawili ukiwa umenukuliwa tayari na unaendelea naye huko. Inaokoa grupu zima kusoma mambo ya watu wawili. Ukikosea herufi una dakika 15 za kuediti, na wenzako wataona alama kwamba ujumbe umehaririwa. Kwa mgeni WhatsApp naipa alama za juu, shida zake ni za tabia zetu zaidi kuliko za apu.

Facebook sasa. Hapa watu wanaumia kwa kudhani kwamba setingi zao wenyewe ndo zinalinda komenti zao. Umefunga posti zako zionwe na marafiki tu, safi, unajisikia salama, unaenda kwenye posti ya mtu mwingine unakomenti, ile komenti inafuata setingi za mwenye posti na zako hazina sauti pale. Angalia pembeni ya tarehe ya posti, kuna kialama kidogo: dunia maana yake kila mtu, vichwa viwili maana yake marafiki wa mwenye posti. Ni kadogo mno, mtu mwenye macho ya kawaida na simu ya kioo kidogo anakapita bila kukaona, na hapo ndo kosa la usanifu lilipo, kwa sababu habari muhimu kuliko zote kwenye ukurasa mzima imepewa nafasi ndogo kuliko zote. Na mwenye posti anaweza kuja kuibadilisha baadaye, leo ni ya marafiki kesho ya kila mtu, na komenti yako inaenda nayo.

Lingine la Facebook ambalo linawachanganya wageni ni mpangilio wa komenti. Chaguo la kawaida ni kuonyesha zile zinazoonekana za maana zaidi, kwa hiyo mtu anaandika komenti, anarudi baadaye haioni, anadhani kafutiwa, anakasirika, anaandika tena mara ya pili kwa hasira. Haijafutwa jamani. Gusa pale juu ya komenti ubadilishe iwe komenti zote, utaiona imekaa zake chini kule. Komenti kufutwa kweli ipo pia, mwenye posti anaweza kuondoa yoyote iliyo chini ya posti yake, hiyo ni haki yake na hakuna wa kumuuliza.

Kujibu ndani ya komenti, yaani jibu kukaa chini ya komenti flani likiwa limeingia ndani kidogo, Facebook walianza nako 2013. Kabla ya hapo komenti zote zilikuwa zinashuka mstari mmoja kama treni. Saa hizi unajibu mtu na jina lake linakaa mwanzoni mwa jibu. Ila matawi yana ngazi chache tu, mkishajibizana sana majibu yote yanajipanga usawa mmoja, na hapo lile jina la mwanzoni ndo pekee linaloonyesha nani anasemeshwa, kwa hiyo usilifute hata kama unaona linakuharibia sentensi.

Instagram sitaikalia sana, kitu kimoja tu ambacho kila anayeanza lazima aambiwe: ukijibu posti jibu linakaa hadharani chini ya picha, ukijibu stori kwa kuandika kwenye kile kisanduku cha chini jibu linaenda inboksi kwa mwenye stori peke yake. Apu moja, kidole kilekile, sehemu mbili tofauti kabisa. Na tangu 2024 stori zimeongezewa komenti zinazoonekana na watu wengine pia, kwa hiyo hata hiyo kanuni ya stori ni inboksi siku hizi inataka uangalie umebonyeza wapi. Nilichokipenda kwao ni ile kuzuia kimya kimya iliyokuja 2019, mtu anayekusumbua kwenye komenti unamwekea kizuizi, yeye anaendelea kuandika na anaona komenti zake kama kawaida ila wengine hawazioni mpaka wewe uziruhusu, na haambiwi. Kwa mtu anayesumbuliwa na ndugu au mtu wa kazini ambaye hawezi kumbloki bila kuleta ugomvi mwingine, hicho ni kifaa cha heshima.

Haya, tuje X, ambayo ilikuwa Twitter mpaka Julai 2023. Huku nitakaa kidogo kwa sababu ndo mtandao ambao mazungumzo yake yanamchanganya mgeni kuliko yote, na sababu zake ziko kwenye historia. Twitter ilipoanza 2006 hakukuwa na kitufe cha kujibu. Kila mtu alikuwa anaandika sentensi yake inapita. Watu wenyewe ndo walianza kuweka alama ya @ mbele ya jina la mtu ili ijulikane wanamsemesha nani, na kampuni ikaja kuifanya ile alama kuwa kiungo na kuwa sehemu rasmi ya huduma. Yaani kitu kinachobeba mazungumzo ya dunia nzima leo kilitengenezwa na watumiaji kwa mazoea, na ukilijua hilo unaelewa kwa nini kina viraka viraka.

Mfano. Asha kaandika posti. Juma anamfolo Asha, anabonyeza kile kialama cha kipovu cha mazungumzo, anaandika jibu lake. Jibu linakaa chini ya posti ya Asha, na pia linakaa kwenye ukurasa wa Juma mwenyewe kwenye sehemu ya majibu, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua akasoma kila kitu Juma alichowahi kumjibu mtu. Watu hawajui hili. Wanadhani jibu limezama huko chini ya posti ya mtu mwenye komenti elfu moja na hakuna atakayelitafuta, kumbe mtu akifungua ukurasa wao anayakuta yamepangwa kwa tarehe.

Sasa Neema anamfolo Juma ila hamfolo Asha. Je, Neema anaona jibu la Juma? Tangu Mei 2009 utaratibu ulikuwa kwamba jibu linaingia kwenye fidi, yaani ule mtiririko wa posti unaoukuta ukifungua apu, ya mtu anayewafolo wote wawili tu, Juma na Asha. Watu walilalamika sana wakati ule kwa sababu walikuwa wanapenda kugundua watu wapya kupitia majibu ya marafiki zao. Ndo ikazaliwa ile tabia ya kuweka nukta mbele ya @ ili jibu lihesabike kama posti ya kawaida na wafuasi wote walione. Ukikutana na posti ya zamani inaanza na nukta alafu jina, usishangae, ndo sababu yake. Baadaye mwaka 2017 majina ya unaowajibu yakatolewa kwenye hesabu ya herufi, yakapandishwa juu kwenye mstari mdogo unaosema unamjibu nani, na nafasi ya kuandika ikaongezwa kutoka herufi 140 hadi 280 mwaka huohuo. Nukta haina kazi tena. Ila fidi ya siku hizi inayopangwa na mashine inaweza kumletea Neema jibu la Juma hata kama hamfolo yeyote kati yao, kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni ni mwepesi, chukulia kila jibu la X kuwa limeandikwa ukutani.

Kuna kona moja ambayo lazima niieleze kwa sababu nimeona watu wakilalamika kwamba wanapuuzwa kumbe hawaonekani. Kama akaunti yako umeifunga, ile yenye alama ya kufuli, majibu yako yanaonekana na wafuasi wako tu. Ukimjibu mtu ambaye hakufolo, halioni. Hata umuulize swali zuri namna gani, hata umpe pongezi, kwake ni kimya. Na apu inakuacha uandike mpaka mwisho na utume hata kama unayemwandikia hataliona. Hili jambo lingeandikwa kwa maandishi pale pale juu ya kitufe, lingeokoa wanyonge wengi.

Alafu wingi wa majina. Ukijibu ndani ya mazungumzo yenye watu watano, jibu lako linawapigia kengele wote watano, mpaka wale waliotajwa mwanzoni na wakaondoka zao. Gusa ule mstari unaosema unawajibu kina nani, utaona orodha, ondoa wasiohusika. Ni sekunde chache na ni adabu kubwa. Na wewe ukiwa ndo umevutwa kwenye mazungumzo usiyoyataka, tangu 2022 kuna njia ya kuondoka, unagusa nukta tatu za posti unachagua kutoka kwenye mazungumzo haya, jina lako linabaki maandishi ya kawaida na kengele zinanyamaza.

Kukwoti nako. Mgeni anaona vitufe viwili, kujibu na kukwoti, anadhani ni ladha tu. Kujibu unabaki ndani ya chumba cha Asha, unaongea naye na waliopo. Kukwoti, ambako kulikuja rasmi 2015, unachukua maneno ya Asha unayapeleka kwa wafuasi wako, na mazungumzo mapya yanaanza kule kwako. Hiyo inabadilisha kila kitu. Mtu kauliza swali la kawaida kabisa, mwenye wafuasi laki tatu anamkwoti na kumcheka, ndani ya saa moja watu wasiojua hata lilikoanzia wamefika kumtukana. Kwa hiyo kama unataka kumrekebisha mtu, mjibu. Kama una la kuongeza na unataka wafuasi wako wajifunze kitu kutoka kwake, kwoti. Naliamini hili kabisa na ningependa watu wanaofundisha wenzao mitandao walianze nalo.

Kwa upande wa kujilinda X ina vitu vizuri: tangu 2020 unaweza kuchagua kabla ya kuposti nani ajibu, mfano unaowafolo tu au uliowataja tu, na tangu 2019 unaweza kuficha jibu lililo chini ya posti yako. Kufichwa si kufutwa, kuna kialama kinachofungua majibu yaliyofichwa na yeyote anaweza kuyasoma. Ila kubloki kwao kumepungua nguvu, tangu mwishoni mwa 2024 uliyembloki anaweza kuendelea kusoma posti zako za hadharani, anachozuiwa ni kukujibu na kadhalika. Na majibu ya wanaolipia yanapandishwa juu, kwa hiyo mgeni asiyelipa anaandika jibu la maana linazama chini ya majibu matupu. Kwa mtu anayeanza naipa alama ya chini kidogo ya katikati. Mazungumzo makali na ya haraka yapo kule kuliko popote, hilo nalikubali, ila apu haikushiki mkono hata kidogo.

Mastodon ndo iliyonifurahisha zaidi na pia ndo yenye mitego ambayo hutaikuta kwingine. Ilianza 2016, haina seva moja, yaani kompyuta moja kuu inayotunza akaunti zote, ni seva nyingi za watu tofauti zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, unafungua akaunti kwenye seva moja na unamfolo mtu wa seva nyingine. Uzuri wake kwa swali langu kubwa ni huu: kila unapoandika, hata jibu, pale pale kwenye kisanduku kuna sehemu ya kuchagua nani ataona. Kila mtu, au kila mtu ila kwa utulivu bila kupelekwa kwenye fidi za jumla, au wafuasi wako, au waliotajwa tu. Na ukijibu posti ya mtu, jibu linarithi kiwango alichoweka yeye, kwa hiyo mtu akiongea kwa sauti ya chini na wewe unaanza kwa sauti ya chini. Akiwa ameweka onyo juu ya posti yake, mfano habari ya msiba, jibu lako nalo linabeba onyo lilelile. Nani alifikiria hivi? Nampa heshima yake.

Mtego wa kwanza uko kwenye ujumbe wa waliotajwa tu. Watu wanauchukulia kama inboksi. Jina lake linasema waliotajwa, na linamaanisha hivyo hivyo. Umemwandikia Asha faragha, ukasema Juma amekukera, na jina la Juma ukaliandika na @ yake kwa mazoea, Juma anapata ujumbe huohuo mzima na notifikesheni juu. Ukitaka kumtaja mtu bila kumwita, andika jina lake bila ile alama.

Mtego wa pili ni kujibu kwa wafuasi tu. Wafuasi wa nani? Wako. Asha kaandika kwa wafuasi wake, wewe unamjibu kwa wafuasi, jibu lako linaenda kwa wafuasi wako na kwa Asha aliyetajwa, wale wafuasi wa Asha wasiokufolo wewe hawaoni kitu. Na wafuasi wako wasiomfolo Asha wanaona jibu bila kuona linajibu nini. Kila mtu ana nusu ya mazungumzo. Ndo maana kule mara nyingi unakutana na mtu anajibu hewa, ana akili timamu, ila wewe hujaruhusiwa kuona upande wa pili.

Wa tatu ni wa kiufundi na ndo unaofanya watu waseme Mastodon ni kimya. Seva yako haina lazima ya kujua majibu yote ya posti iliyoandikwa kwenye seva nyingine. Inajua yale yaliyoifikia. Kwa hiyo unafungua posti unaona majibu matatu, unasema ngoja na mimi nichangie, unaandika jambo ambalo watu kumi wameshalisema kwenye seva ya nyumbani ya hiyo posti, na unaonekana kama hukusoma. Dawa ni kugusa zile nukta tatu ukafungua ukurasa halisi wa posti, pale karibu majibu yote ya hadharani yanakuwepo. Matoleo ya karibuni yameanza kuvuta yenyewe majibu yaliyokosekana, ila inategemea mwenye seva yako amesasisha au bado. Kukwoti walikukataa kwa miaka mingi kwa sababu ya ile ya kuchekana niliyoisema juu, wamekuja kukuleta 2025 kwa sharti kwamba mwenye posti anachagua nani aruhusiwe kumkwoti. Jambo zuri likichelewa bado ni zuri. Alama zangu kwao ni za juu kwa uwazi, za kati kwa urahisi.

Bluesky, iliyofunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, ukitokea X utajiona nyumbani, herufi 300, vitufe vilevile. Wana vitu viwili ambavyo naona kila mtandao ungekuwa navyo: unachagua nani ajibu posti yako, na posti yako ikikwotiwa kwa ubaya unaweza kuichomoa kutoka kwenye hiyo kwoti, inabaki kisanduku kitupu. Kubloki kwao ni kwa nguvu, mkiblokiana majibu yenu nyie wawili yanakatika hata kwa wengine wanaosoma, ugomvi unakosa watazamaji. Ujue tu kwamba orodha ya nani kambloki nani kule inaweza kuonekana na umma, si siri.

YouTube na TikTok nazipitia haraka. YouTube komenti inaweza kushikwa na mashine ikisubiri mwenye chaneli aipitishe na hutaambiwa, usichukulie kwamba umechukiwa, hasa kama umeweka kiungo. TikTok mwenye video anaweza kujibu komenti yako kwa video nyingine, na komenti yako inabandikwa juu ya skrini pamoja na jina la akaunti yako, kwa hiyo kamstari ulikoandika kwa sekunde mbili kanaweza kuonwa na watu wengi kuliko ulivyowaza.

Reddit kwa mazungumzo marefu bado haijapata mpinzani. Majibu yanakaa kama matawi, kila tawi unaweza kulikunja, unajua kabisa nani anamjibu nani hata ukija siku tatu baadaye. Kura za juu na chini ndo zinapanga mpangilio, kwa hiyo jibu bora linaweza kukutwa juu hata kama aliyeliandika hana jina wala mfuasi mmoja. Kwa mgeni hiyo ni haki kubwa. Ila kila jumuiya ina kanuni zake pembeni na wasimamizi wanafuta bila huruma, soma kanuni kwanza, kweli zisome.

Sasa kufuta, maana anayeanza ataandika kitu atajuta, ni kawaida. Kinachotokea kwa majibu yaliyo chini yako kinatofautiana sana na nadhani hakuna anayewaeleza watu. Facebook na YouTube ukifuta komenti yako, majibu yote yaliyokuwa chini yake yanaondoka nayo, pamoja na maneno ya watu wengine waliohangaika kukujibu kwa urefu. X na Mastodon majibu ya wenzako yanabaki yakining'inia bila kichwa, watu wanasoma hasira bila kujua walikasirikia nini. Reddit maneno yako yanafutika panabaki alama kwamba komenti imefutwa, na mazungumzo ya chini yanaendelea, na ukifuta akaunti nzima bila kufuta komenti kwanza, jina ndo linaondoka, maneno yanabaki. Mi kwa maoni yangu njia ya Reddit ndo inaheshimu pande zote mbili. Na mtu mwenye skrinshoti anayo tu, huko hakuna apu inayofika.

Kama ni mtu wangu wa karibu anaanza leo na ananiuliza aanzie wapi, nitamwambia ajizoeze kunukuu kwenye WhatsApp, alafu achague jumuiya moja ya Reddit ya kitu anachokipenda ajibu maswali anayoyajua, kisha Mastodon au Bluesky, X aiache mpaka ajisikie yuko imara. Na popote atakapokuwa, akishatuma jibu la kwanza la hadharani anakili kiungo cha lile jibu, afungue dirisha la faragha la kivinjari ambalo hajaingia na akaunti yoyote, akibandike. Kinachofunguka pale ndo kinachoonekana kwa mtu asiyemjua kabisa. Mitandao mingine itamzuia na kumtaka aingie kwanza, kwa hiyo huko amwombe rafiki ambaye hawafoloani amfungulie kwenye simu yake.